Mtoki Hauna Makosa

Haki ya Mungu, yote yaliyomo humu ni kweli tupu. Msimulizi hakuongeza, hakupunguza. Akipatikana na uongo hata wa chembe ya chumvi, atamtoa jogoo wake mwekundu, yule ambaye akiwika Gongoni, watu wa Ngomeni huamka. Sasa tega sikio.

Kahonzi na mumewe Kalume wanakaa Gongoni, kaskazini ya Malindi. Kahonzi hupika mahamri na mbaazi za kuuza. Kalume hufanya kazi kwenye mashamba ya chumvi. Yeye ni mtu wa pampu na malango. Pampu huvuta maji ya bahari. Maji hupita mferejini, lango baada ya lango, mpaka vidimbwini. Huko jua huyanywa maji, chumvi ikabaki. Maji yakirudi nyuma, Kalume huitwa na kutukanwa.

Siku moja punje kubwa ya chumvi, kali kama kigae cha chupa, ilimkata chini ya kidole kidogo cha mguu. Buti lake lilikuwa limetoboka.

"Hukioshi hicho kidonda?" Kahonzi alimuuliza.

"Nikioshe cha nini? Kutwa kimelowa chumvi. Samaki akitiwa chumvi haozi, nioze mimi?"

Ndivyo wasemavyo watu wa chumvi wote. Kidonda cha kazini hakioshwi.

Siku ya nne Kalume alirudi akichechemea. Lakini hakuulalamikia mguu. Alishika kinena. Hapo palikuwa pametoka mtoki, mkubwa kama dafu.

Sasa, Gongoni kuna fundi wa mitoki. Jina lake halitajwi hapa, kwa heshima yake. Ni mzee mwenye sura nzuri, meno yote kamili, na maarifa mengi aliyojifunza mwenyewe. Fundi alikuja na mchi wa kinu. Akaupasha moto, akauzungushia kitambaa, akaukanda mtoki kwa nguvu. Kalume alipiga ukelele, kuku wakatawanyika.

"Vumilia, mwanangu," fundi alisema. "Mtoki ni mnyama. Ukimbembeleza, anajenga nyumba."

Kesho yake asubuhi mtoki ulikuwa umezidi. Kalume alitetemeka kwa homa. Kahonzi alipomfunika leso, aliona kitu kilichomkata maini. Mstari mwekundu ulipanda kutoka unyayoni hadi juu ya goti, mwembamba kama uzi.

Fundi alirudi. Safari hii alikuja na wembe mpya.

"Tutautoboa," alisema. "Damu mbaya itoke."

Kahonzi aliushika mkono wa mumewe. Ulikuwa wa moto kama kikaango. Ana watoto wawili na mume mmoja. Alitaka kusema ngoja. Nani amwambie mzee ngoja?

"Hodi hapa!"

Alikuwa Ndinda, jirani yao, mzaliwa wa Kitui. Ni muuguzi wa zahanati. Kila asubuhi hupitia mahamri akienda kazini.

"Karibu, dada," Kahonzi alisema. "Leo hakuna mahamri. Leo kuna mgonjwa."

Ndinda aliingia. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye wembe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja wakati mzuri. Hebu nishikie mguu huu."

"Nitaushika," Ndinda alisema. Akaushika kweli, lakini akaugeuza unyayo. Chini ya kidole kidogo kidonda kilikuwa kimevimba, na ndani mna usaha.

"Kalume, hiki ni cha lini?"

"Hicho si kitu. Kinachoniua ni mtoki."

"Mtoki hauna makosa. Mtoki ndio unaokupigania. Baba, tafadhali weka wembe chini. Mwizi yuko mguuni, nawe unataka kumchinja askari."

Fundi alinuna. "Askari gani anauma hivi?"

"Askari aliye kazini! Kahonzi, ita bodaboda. Mstari huu mwekundu haungojwi."

Kahonzi alipiga simu. Walipokuwa wakimngoja mwenye pikipiki, Ndinda alikaa kwenye kigoda.

"Kalume, mwili wako una mifereji kama ya kazini kwenu. Damu ikipita, maji yake kidogo huvuja na kuingia kwenye nyama. Kwa siku moja huwa kama lita tatu. Yasipokusanywa, ungevimba kama hamri kwenye chai. Basi kuna mishipa myembamba inayoyakusanya na kuyarudisha kwenye damu, hapa chini ya shingo. Maji hayo yanaitwa limfu."

Kalume alifumbua macho. Mtu wa pampu ni mtu wa pampu hata akiwa na homa.

"Pampu yake iko wapi?"

"Haina."

"Wacha uongo! Maji yapande kutoka mguuni hadi shingoni bila pampu?"

"Mishipa yenyewe hujikaza kidogo kidogo, na ukitembea, misuli huikamua. Ukipumua, maji huvutwa juu. Na ndani mna malango madogo madogo. Yanafunguka upande mmoja tu. Maji hayarudi."

"Hayarudi!" Kalume alisema. "Sisi tuko watu wanane na pampu ya dizeli, na yanarudi kila wiki."

Kahonzi alicheka. Lilikuwa cheko lake la kwanza tangu jana.

"Na njiani kuna vituo," Ndinda aliendelea. "Huitwa matezi. Yako mamia. Shingoni, kwapani, kinenani. Kila tezi limejaa askari, nao ni chembe nyeupe za damu. Wadudu wa maradhi, wadogo hata jicho haliwaoni, waliingia kwa kidonda hiki. Maji yakawabeba mpaka kinenani. Hapo wakasimamishwa. Askari wengine humeza mdudu mzimamzima. Wengine hutengeneza silaha inayomfaa mdudu yule yule, si mwingine. Nao huzaana, maelfu kwa maelfu. Kituo kinajaa, kinafura. Huo ndio mtoki."

Kahonzi aliutazama mtoki. Dakika chache zilizopita aliuchukia. Sasa alikaribia kuuamkia.

"Na ukikandwa kwa mchi?" aliuliza polepole.

"Unawaumiza askari, na wadudu unaweza kuwasukuma mbele. Ukitobolewa kwa wembe, umewafungulia mlango wa pili. Wakijaa kwenye damu, mtu hufa."

Wembe ulikuwa mzito mkononi mwangu. Mkononi mwa fundi, yaani. Aliufunga kwenye karatasi yake, akautia mfukoni. Pikipiki ilipofika, yeye ndiye aliyemwinua Kalume.

Zahanati walikitoa usaha kidonda, wakakiosha, wakampa dawa za kuua wadudu. Kisha ikaja sindano ya pepopunda.

"Hii ya nini tena?" Kalume alilalamika.

"Ni kama picha ya adui," Ndinda alisema. "Askari wako wakishaiona, baadhi yao huikumbuka kwa miaka. Pepopunda ikija, wanaijua. Na dawa uzimalize zote, hata ukijiona mzima. Mguu uuinue juu ya mto. Kahonzi, mtoki usiopungua kwa wiki mbili, au mgumu usiouma, nao uletwe uonwe."

Siku ya tatu homa ilishuka. Mstari mwekundu ulififia. Siku ya kumi, Kahonzi aliupapasa mtoki asiuone. Askari walikuwa wamerudi kambini.

Kalume alirudi kazini na mabuti mapya. Kando ya pampu aliweka dumu la maji safi na kipande cha sabuni. Wenzake walimcheka. "Daktari wa chumvi!" Lakini wiki hiyo mmoja alikatwa, akaja kuosha mguu akijifanya anapita tu. Wiki iliyofuata walikuja watatu.

Hadithi hii ilisomwa mara ya kwanza katika darasa la ngumbaru, wanakojifunza kusoma watu wazima. Msomaji alikuwa Kahonzi, kidole kikifuata mstari. Alipofika kwenye dafu, alisimama. Akamgeukia mwandishi wake, Mzee Menza, mstaafu wa mashamba ya chumvi.

"Baba, mtoki ulikuwa kama ndimu. Nimeuona mimi."

"Ndimu kubwa," Mzee Menza alisema.

"Na huyu fundi mwenye sura nzuri na meno kamili?"

Darasa zima lilimtazama mzee. Mzee akaziba mdomo kwa kiganja. Mbele hana meno manne.

"Fundi ni wewe, baba."

Mzee aliondoa kiganja mdomoni.

"Ni mimi," alisema. "Niliona haya kuliandika jina langu. Mwanangu Kalume ningemuua."

"Basi uandike hivyo hivyo," Kahonzi alisema kwa upole. "Wasomao wajue hata mzee hujifunza."

Ndivyo ilivyoandikwa. Kesho yake alfajiri Mzee Menza alimpeleka jogoo mwekundu kwa Kahonzi, amembana kwapani. Njiani jogoo aliwika kwa nguvu zake zote.

Na haki ya Mungu, Ngomeni hakuamka mtu.