Mboga ya Nani?

Mwenye sufuria jikoni aende kwanza apunguze moto, kisha arudi akae. Habari hii ni ya jikoni, na sitaki mtu anikatize katikati eti wali wake unaungua.

Mimi ni fundi cherehani. Kibaraza changu kinatazamana na dirisha la jikoni la jirani zangu, na kichochoro kilichopo katikati ni chembamba kiasi kwamba tunapeana chumvi bila kutoka nje. Kwa hiyo msiniulize nilijuaje. Nina macho, nina masikio, na cherehani yangu haina kelele kama watu wanavyoisingizia.

Jirani yangu mwanamume ana bucha pale kona, na sote tunamwita Steki. Mkewe ni msusi. Huwasuka wateja mlangoni kwake, na vidole vyake ni vyepesi kuliko mdomo wangu, jambo ambalo si dogo. Walikuwa na binti mmoja wa darasa la kwanza, mashavu yamejaa, mikono imejaa, kila mtu akimwita Kibonge na yeye akiitika kwa furaha. Gauni lake la shule nilimshonea mimi, na nilimwachia nafasi ya kutosha kiunoni maana nilijua atalijaza.

Kila jioni Kibonge akitoka kucheza alining'inia dirishani kwa nje, akapaza sauti: "Mama, mboga gani leo?"

Nanyi mnajua, mboga kwetu sisi ni chochote cha kuteremshia wali. Yaweza kuwa maharagwe, yaweza kuwa majani, na wala hatuoni ajabu kusema leo mboga ni nyama. Mama akijibu maharagwe, mtoto alishangilia. Akijibu nyama, alishangilia vilevile. Baba alirudi na aproni yake begani, akamnyanyua juu mpaka nikawa naona miguu tu dirishani. Nyumba ile ilikuwa ya kucheka.

Basi asubuhi moja msaidizi wa bucha aliugua, Steki akamwomba mkewe wafuatane machinjioni wakapakie nyama. Mwanamke yule hakuwahi kufika huko. Akakuta ng'ombe ndiyo kwanza amepasuliwa, na ndani yake mna ndama, ametimia kila kitu. Aliporudi alinawa mikono pale bombani, akanawa, akarudia kunawa, mpaka nikamwambia, "Jirani, utaichubua ngozi."

Akanitazama. "Alikuwa na kope, jirani. Yule ndama alikuwa na kope."

Tangu siku hiyo hakuweza tena kutia nyama mdomoni. Hakumkataza mtu. Aliendelea kumpikia mumewe nyama yake kama kawaida, yeye akala maharagwe, basi. Angeachwa hapo, nisingekuwa na cha kuwasimulia leo.

Lakini Steki ni mtu wa mzaha, na mzaha wake haujui breki. Akamwambia mbele ya wateja wake wa kusuka, "Unamlilia nini? Kwani ng'ombe ni shemeji yako?" Watu wakacheka. Akaupeleka mzaha dukani: mke wangu amefiwa na shemeji, mpeni pole. Wiki haikwisha, msusi akipita njiani watu wanamlilia "Mmoo!" Si watoto peke yao, jamani. Watu wazima na ndevu zao. Mko hapa, mnajijua.

Kisha ikaja jioni moja, taa ndiyo kwanza zinawashwa, Msusi anamalizia kichwa cha mteja mlangoni. Nikamwona Steki jikoni. Akachota mchuzi wa nyama kwa mwiko, akaumimina kwenye maharagwe ya mkewe, akakoroga vizuri, akanikonyeza. Nilidhani ni mchezo wa kujaribu tu, atasema kabla hawajakaa. Hakusema. Mke akala, akasifu kabisa: "Leo maharagwe yamekolea."

Steki akapiga meza kwa kicheko. "Yakose kukolea yana shemeji yako?"

Mwanamke aliinuka, akatoka mbio, akatapika kichochoroni. Aliporudi ndani hakuwa na chozi hata moja. Ningependelea alie, niwaambie ukweli.

Kesho yake alinunua jiko lake, sufuria yake na mwiko wake. Akauzungushia mwiko ule uzi mwekundu wa kusukia, akautundika peke yake. "Huu hautagusa nyama," akasema. Lugha yetu nayo ina vituko: mwiko wa kupikia ukageuka mwiko wa kweli. Baada ya hapo akaacha maziwa. Akaacha mayai. Na mwisho akasema neno lililoifunga nyumba ile kama kwa kufuli: "Na mtoto wangu pia hali."

"Mtoto wa mwenye bucha hali nyama?" Steki akang'aka. "Basi nifunge duka, nikauze mchicha!"

Msinielewe vibaya. Kila mmoja alikuwa na hoja. Steki alisema nyama ndiyo iliyomlea yeye na ndugu zake wakapata nguvu, na mtoto anayekua anahitaji damu. Mkewe alisema wapo watu waliokula kunde na karanga maisha yao yote wakazeeka na meno yao kinywani, na kwamba hakuna haja ya kiumbe kufa ili yeye ashibe. Mkimsikiliza mmoja peke yake mtatikisa kichwa kukubali. Mimi nilitikisa kwa wote wawili, nikaambulia kuitwa mnafiki.

Lakini hawakuwa wakibishana kuhusu chakula tena. Siku moja nilimwita Msusi kibarazani nikamwambia, "Legeza kidogo, mwenzangu. Mtoto ale hata yai."

"Nikilegeza leo, kesho duka zima litajua kwamba Steki ameshinda," akasema. "Nitaliliwa mmoo mpaka nizeeke. Nipitie wapi?"

Nikamfuata mume naye. Akafuta kisu kwenye aproni yake. "Dada, mimi nauza nyama. Wateja wakisikia mwanangu haruhusiwi kula ninachouza, si watauliza kuna nini? Siwezi kurudi nyuma."

Basi ndivyo walivyonaswa, kila mtu na upande wake, na mtoto katikati. Na ninaposema katikati, namaanisha katikati. Meza yao ilisukumwa ukutani, na kiti cha Kibonge kilikuwa upande wa ndani kabisa, kona. Ili atoke, lazima baba ainuke au mama ainuke. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinuka.

"Kula, mama," baba alimwambia binti yake kwa sauti tamu. "Hii imetoka kwa baba."

"Kula dengu, mwanangu. Hizi amekupikia mama."

"Nani anampenda baba?"

"Kula hiyo yake, kama unataka mama alie."

Kibonge alishika kijiko, akakiweka. Akakishika tena. Sahani mbili mbele yake na ukuta mgongoni. Mimi nilikuwa napinda pindo la gauni la mtu, nikajikuta nimelishona na sketi yangu mwenyewe.

Mambo yakazidi. Mtoto akipita bucha baada ya shule, baba alimpa vipande vya kuchoma akamsimamia mpaka atafune. Akifika nyumbani mama alimshika kidevu. "Hebu nipumulie." Mtoto akapumua, mama akanusa. Akisikia harufu ya nyama, alikwenda kujifungia chumbani, na mtoto akabaki amesimama mlangoni akigonga. Asiposikia harufu, baba ndiye aliyenuna. Niambieni, mngekuwa ninyi mngepumua vipi?

Nikasema mtoto huyu nitamlisha mimi. Nikampa mkate na siagi. Ala! Jioni mama yake yuko dirishani: "Siagi ni maziwa, jirani, hukujua?" Hajamaliza, baba naye kafika: "Mwanangu unamlisha mkate mtupu kama mfungwa?" Wakamkataza kuja kwangu. Hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana tangu ule mwiko ufungwe uzi.

Sauti ya jioni ikapotea. Kibonge alikuja tu akasimama chini ya dirisha, ameshika nondo, kimya. Siku moja ndipo nikamsikia akiuliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu: "Mama, mboga ya nani leo?"

Muda si mrefu nikaletewa lile gauni la shule nilipunguze kiuno. Nikalipunguza. Likarudi tena. Na safari hiyo, nikitafuta kiraka kwenye kapu langu la mabaki ya vitambaa lililokaa ukingoni mwa kibaraza, nikagusa kitu chenye unyevu. Vilikuwa vibonge vya chakula. Nyama imetafunwa ikatemwa. Dengu zimetafunwa zikatemwa. Vyote viwili, vimefungwa pamoja kwenye kitambaa changu cha bitana, kwa adabu kabisa. Mtoto alikuwa anavificha shavuni, akipata upenyo anavileta kwangu.

Nilikwenda nacho kile kitambaa mpaka mezani kwao, nikakifungua.

"Si nilisema?" Steki akadakia. "Majani yamemkinaisha!"

"Nyama hiyo ndiyo inayomtapisha," mkewe akasema. "Tazama mwenyewe."

Nikapiga kelele. "Sikuwauliza ametema nini! Nawauliza amemeza nini!"

Hawakunisikia. Walikuwa wameshaanza.

Jumamosi moja bucha ilijaa. Nilikuwa kwenye foleni, nataka mifupa ya supu. Steki akamshika binti yake mkono, akampandisha kwenye mizani kubwa ya chini, ile wanayopimia nyama ikishuka garini. "Tazameni wenyewe," akawaambia wateja. "Haya ndiyo matunda ya dengu." Mkewe alikuwa ameshapata habari, akaingia na chanuo mkononi. "Mtoe mwanangu kwenye mzani wa maiti!" Basi wakaanza, na wateja nao wakaingilia, huyu anasema nyama ni nguvu, huyu anasema nyama ni maradhi, kila mtu daktari. Hakuna aliyekuwa anamtazama aliyekuwa kwenye mizani. Naye hakushuka, kwa sababu hakuna aliyemwambia ashuke. Kama angeshuka upande wa baba, mama angeona. Kama angeshuka upande wa mama, baba angeona.

Nilimwona akikaa chini taratibu. Kisha akalala, shavu kwenye bati. Mshale wa mizani ukatikisika, ukatulia.

Hospitalini daktari alikuwa mama mmoja mnene, mtaratibu. Alimpima, akamfunika, akauliza, "Mtoto huyu anakula nini nyumbani?"

Baba akajibu, mama akajibu, kwa pamoja, kwa sauti ya juu. Daktari akawaacha mpaka wakaishiwa.

"Basi nimeelewa," akasema. "Mnaweza kumlea kwa nyama. Mnaweza kumlea bila nyama, mkifuata maelekezo, nami nitawapa. Lakini huyu hakukosa nyama wala dengu. Amekosa chakula."

Akamwinamia mgonjwa. "Mama, nikuletee nini ule? Sema chochote unachopenda."

Kibonge akamtazama baba yake. Akamtazama mama yake. Midomo ilikuwa imekauka.

"Maji," akasema.

"Na baada ya maji?"

"Maji tu. Maji hayana mwenyewe."

Steki alivua kofia yake, akageukia ukuta, akalia kwa sauti, mtu mzima yule, mabega yanaruka. Mkewe alikaa sakafuni pale pale, chanuo bado mkononi. Nilimchukia kila mmoja wao dakika ile, kisha nikawahurumia, kisha nikatoka nje maana mimi pia nilihitaji kulia.

Mtoto hakufa. Najua mlikuwa mnaogopa hilo. Waliporudi nyumbani Steki alisimama dukani kwake mchana kweupe, akamwomba mkewe radhi kwa ule mchuzi, akasema atakayemlilia mmoo mkewe asinunue nyama kwake. Mkewe bado hali nyama, na sasa hakuna anayemsumbua. Ule uzi ameukata. Meza wameivuta mbali na ukuta. Mtoto anapakuliwa anachoonyesha kwa kidole, na wazazi wamefundishwa kutazama sahani zao wenyewe.

Lakini bado, kabla ya tonge la kwanza, anamtazama mmoja usoni, kisha mwingine. Bado anauliza, "Ya nani?" Mama anamjibu, "Ni yako, mwanangu," na yeye anangoja kidogo kuona kama ni kweli. Gauni lake la shule bado linapwaya. Na juzi kijana mmoja alimwita njiani, "Kibonge!" Mtoto akageuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa.

FUNZO

Sikuja kuwaambia mle nyama, wala sikuja kuwaambia mwache. Anayekula ale, asiyekula asile, na mkitaka kubishana bishaneni mpaka asubuhi, lakini mtoto awe ameshashiba.

Usimcheke mtu kwa kitu kilichomchoma moyo, wala usimlishe kwa hila kile alichokikataa, hata kama kwako ni mzaha. Nyumba ile iliharibiwa na mwiko mmoja wa mchuzi. Nawe uliyeumizwa, usilipize kwenye sahani ya mtoto, kwa maana yeye hakukukosea. Usimfanye achague kati ya baba na mama kila anapofungua kinywa, kwa sababu atakachochagua ni kukifunga.

Nanyi mliosimama njiani mkilia mmoo, msijifanye hamkuwemo. Ninyi ndio mliowafungia njia ya kurudi nyuma.

Haya, nendeni mkatazame sufuria zenu. Mtoto akiuliza mboga gani leo, mtajieni mboga. Asijue kamwe kwamba ina mwenyewe.