Imara Kama Meza ya Jikoni

"Mama anakupenda sana," Edwin aliniambia huku akinimiminia mchuzi juu ya nyama ya kondoo. "Anasema wewe ni *sturdy*, yaani imara."

Nikaweka uma chini. Huku kwetu Yorkshire, hiyo ni sifa ya meza ya jikoni, buti za matope na farasi mfupi wa kubeba mizigo. Mchumba wako humwambii hivyo.

"Farasi naye ni imara, Edwin."

"Acha hizo, mpenzi. Amekusifu."

Mama yake, Bi Winifred, akaniminya mkono juu ya kiwiko.

"Mifupa mizuri. Nyonga zangu zimekwisha, Rowena. Ukishaolewa utakuwa unanipandisha ngazi."

Nikatabasamu tu. Mapenzi bwana.

Edwin alipokwenda kuleta viazi, simu yake ikalia pale mezani. Ujumbe ulitoka kwa Imogen, muuza maua wa hapo kijijini.

"Kanisani mmeshatangazwa mara mbili. Na mimi je?"

Nikaifungua. Juu ya ujumbe huo palikuwa na maneno ya Edwin mwenyewe:

"Usilie, kipenzi. Yule ni imara, atambeba mama. Wewe ni wa kupendwa."

Nilijitumia maneno yale kwenye simu yangu, nikaaga kwamba tumbo linaniuma.

Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa. Mchungaji akasoma:

"Edwin Garside na Rowena Holroyd, mara ya tatu na ya mwisho. Mwenye kujua kizuizi, aseme."

Nikasimama.

"Ninacho mimi, Mchungaji."

"Mwanangu, si wewe ndiye bibi harusi?"

"Ndiye mimi. Ila huyu bwana anatafuta mpagazi. Wa kumpenda anaye tayari."

Nikausoma ujumbe wote, neno kwa neno. Imogen, kwenye benchi la nyuma, akainamisha kichwa.

"Rowena, kaa chini, watu wanatutazama," Edwin alininong'oneza.

"Waache watazame. Unanitia kinyaa."

Bi Winifred akainuka akitetemeka, akaanguka tena kwenye benchi. Akanyoosha mkono. Mwanawe alikuwa ubavuni pake, lakini mkono aliunyoosha kwangu.

"Nitoe nje, Rowena. Mwenzio siwezi."

Nilimhurumia, sitadanganya. Hata hivyo sikuushika.

"Mbebe, Edwin," nikasema. "Ni mama yako."

Nililia njia nzima hadi nyumbani, na sijajuta.