Mbao za Sadala

Kilichoanza kumshangaza fundi Mhina wa Kwedizinga kilikuwa kitu cha kufagia kwa kiganja: udongo. Jana yake alichimba kwa patasi kishimo chenye umbo la yai kwenye kitako cha bunduki, kisafi kama kikombe kilichooshwa. Asubuhi akakikuta kimejaa udongo mwekundu, umeshindiliwa na kusawazishwa juu.

"Mchwa," alisema. Na mchwa wa Handeni tunawajua, ukisinzia wanakuvua viatu.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya kijiji. Watu walikuwa wamehamishiwa kijiji cha ujamaa, shamba likawa moja, na nguruwe mwitu nao wakashukuru kuandaliwa sinia moja. Ikatolewa bunduki ya kuwafukuza. Kitako kilipopasuka, Mwenyekiti Rehani Mdoe aliileta kwa Mhina pamoja na kijibati cha madini ya fedha, umbo la yai.

"Kitako kipya, fundi. Na ubavuni unipachikie hiki, uchore R na M zikumbatiane."

"Mwenyekiti, si bunduki ya kijiji hii?"

"Ya kijiji kabisa! Herufi tu ndizo zangu."

Mhina alicheka mpaka akashika mbavu. Nasi tungecheka, kama tusingejua ubao wa kitako ulitoka wapi.

Masika yale alikufa Sadala, jirani yake na mwenzake wa bao. Mhina akapewa gogo la mninga apasue mbao za kufunikia mwanandani, kishimo cha maiti ndani ya kaburi. Akapasua tano, nene, nzuri. Kaburini zikafika tatu. Mvua ilikuwa inapiga, waliozika wana haraka, na mapengo akayaziba mwenyewe kwa majani ya mgomba, akijiambia kwamba marehemu hakagui kazi. Ubao mmoja ndio huo, kitako cha bunduki. Wa pili tutaukuta.

Akakomba udongo, akachimba upya. Aliporudi kutoka kuswali adhuhuri, kishimo kimejaa. Safari hii udongo ulikuwa na unyevu, ingawa mvua ilishakatika zamani, na ulinuka karafuu maiti.

"Mume wangu," mkewe Zamda aliita kutoka jikoni, sauti imekauka, "tangu jana nikikohoa natema mchanga."

"Vumbi la randa hilo. Kunywa maji."

Hakumtazama usoni alipojibu.

Alasiri ile alijifungia akajaribu kupachika kijibati kwa nguvu. Akasikia kucha zikikwaruza mbao kwa chini, taratibu, kama mtu anayetafuta pengo gizani, akainua patasi na kucha zikanyamaza, akaishusha zikaanza tena, na alipoinama kusikiliza akaona udongo ndani ya lile yai ukibonyea katikati, ukiinuka, ukibonyea, ukiinuka, kama shuka iliyofunika mdomo wa mtu anayetafuta pumzi, na chini yake sauti aliyoizoea kwenye bao ikasema kwa upole, "Mhina, ndugu yangu, udongo unaniingia puani."

Ng'ambo ya ukuta Zamda akaanguka. Alipomfikia, mkewe alikuwa amekohoa udongo wa kujaza ngumi.

Mhina akadandia lori la mkonge mpaka Kerenge, akarudi na Bibi Mwantumu, mganga. Bibi akafukiza ubani. Moshi ukainama, ukaenda kulala juu ya kitako.

"Ni jini, Bibi?" Mhina alinong'ona.

"Jini ningempa marashi yake aondoke. Huyu ni mtu anadai. Umechukua nini chake?"

Zamda alikuwa amelala mkekani, anamtazama.

"Ubao, Bibi. Wa kaburi lake."

"Mmoja?"

Wa pili ulikuwa jikoni. Mhina aliutengeneza mbuzi ya kukunia nazi, zawadi ya Idi, akaunakshi maua, na Zamda akautembeza kijiji kizima akisema, mwanamume ni huyu, wenu ni wageni. Hivi utamwambia nini mkeo, kwamba anakalia kifuniko cha maiti?

"Mmoja," alisema.

"Fundi. Kama kuna lingine, liseme mdomo ungali na nafasi."

"Mmoja tu, Bibi, haki ya Mungu."

Wakafukia kile kitako kwenye kaburi la Sadala. Kikohozi cha Zamda kikapungua. Mhina akachonga kitako kingine cha mvule, kishimo kikabaki kisafi, kijibati kikakaa mahali pake, R na M zikakumbatiana. Mwenyekiti akaibeba bunduki huku herufi zake zimetazama watu, nao wakacheka. Mhina peke yake hakucheka. Kila aliposikia nazi ikikunwa, aliondoka uani.

Siku Zamda alipopata nguvu, alitaka kupika wali wa nazi wa shukrani. Akaketi juu ya mbuzi, anaimba kidogo. Nazi ikashuka kwenye bakuli ikiwa nyeupe, nyeupe, kisha ikaanza kuwa nyekundu. Harufu ya karafuu maiti ikajaa jikoni.

Wimbo ukakatika.

"Mhina," aliita polepole, "huu ubao uliutoa wapi?"

Mhina akaja mbio, akapiga magoti mbele yake. Safari hii alitaka kusema, wallahi alitaka. Akafungua mdomo, na mdomo ukawa umejaa udongo mwekundu, umeshindiliwa na kusawazishwa.

Na Zamda, akiwa bado amekalia ubao, akimngoja ajibu, akaanza kukohoa.