Nilivyohama kwa Mdomo

Kila asubuhi nilianza kwa kung'oa misumari. Baba yangu ni fundi wa makochi, na kochi likiletwa kutengenezwa, kwanza kitambaa cha zamani huvuliwa, msumari mmoja mmoja. Nilikaa sakafuni na koleo langu, baba yuko kwenye cherehani, redio inaongea peke yake. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na jina langu la utani lilikuwa Kidomo. Sina haja ya kueleza kwa nini.

Nilikuja kwa baba likizoni, wiki nne tu. Wazazi wangu waliachana zamani. Mama anafua mashuka ya hospitali katika nchi ya jirani, na mimi nimekulia kwake, ng'ambo ya mpaka. Mama hana mchezo na masomo. Ukirudi kutoka shule, hata viatu hujavua, ameshaomba daftari. Kwa baba hakuna aliyeniomba daftari. Basi likizo ilipoisha nikamng'ang'ania baba, nikamwambia sirudi ng'o. Siku mbili baadaye akampigia mama simu. Hawakuelewana. Akaenda mahakamani kuomba nibaki naye.

"Sitaki kukuficha hapa kama kuku wa wizi," aliniambia. "Jambo hili liende kihalali."

Alirudi uso umemshuka. Karani wa mahakama alikuwa amemweleza kwamba wazazi wakiwa katika nchi mbili, swali la kwanza si nani mzuri na nani mbaya. Swali la kwanza ni mtoto ana makazi yake ya kawaida wapi, yaani maisha yake ya kila siku yako nchi gani. Mahakama ya huko ndiyo yenye mamlaka ya kuamua alelewe na nani.

"Wanaweza kusema kesi hii si ya hapa," baba alisema, akarudi kwenye cherehani yake.

Mimi nikaona mbona jambo lenyewe ni dogo. Kama shida ni makazi, nitahamia.

Wiki iliyofuata alikuja ofisa wa ustawi wa jamii, mama mmoja mpole mwenye miwani. Akamwomba baba atupishe kidogo, akafungua daftari lake.

"Unaishi hapa tangu lini, mwanangu?"

"Miaka miwili sasa," nikajibu bila kupepesa macho. "Kwa mama huwa nakwenda likizo."

Kalamu yake ikasimama. "Miaka miwili. Na unasoma wapi?"

"Shule ile ya nyuma ya soko. Darasa la sita."

"Anayewafundisha hesabu ni nani?"

"Mwalimu mmoja hivi, mrefu, ana kitambi. Mkali huyo, we acha tu."

"Na ukiumwa jino unapelekwa wapi?"

"Mimi siumwi meno."

Akacheka, nami nikacheka. Nilijiona mjanja kweli kweli. Baba aliporudi akaniuliza tumeongea nini, nikamwambia tumeongea vizuri tu.

Siku ya kesi mama alikuwa amefika kwa basi, miguu imevimba kwa safari. Baba alimvutia kiti, mama akamshukuru. Tulikuwa katika chumba kidogo cha hakimu, sisi watatu, karani na yule ofisa. Hakimu akaifungua ripoti.

"Ofisa wetu alikwenda shuleni," alisema. "Jina la mtoto halimo katika rejista yoyote. Na mwalimu wa hesabu wa darasa la sita ni mwalimu mkuu mwenyewe. Ni mwanamke, tena mfupi."

Karani akajikohoza kuficha kicheko. Hakimu hakucheka. Alimgeukia baba.

"Kwa ulivyoandika wewe, hadi leo mtoto yuko kwako wiki saba. Yeye anasema miaka miwili, na kwamba kwa mama yake huenda likizo tu. Nani amempanga aseme hivyo?"

Baba alinitazama. Hakuwa akijua lolote. Angeweza kusema si yeye, lakini kusema si yeye kungekuwa kunitaja mimi, kwa hiyo akainamisha kichwa na kunyamaza. Uso uliniwaka. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze.

Mama ndiye aliyesema. "Mheshimiwa, huyu bwana tumeachana, lakini hajawahi kunidanganya. Ndiyo maana kila likizo namruhusu mtoto aje. Kama sasa anamfundisha uongo, hatakuja tena."

Hatakuja tena. Nilisimama.

"Ni mimi," nikasema. "Baba hajui kitu. Nilitunga mwenyewe."

Hakimu aliifunga ripoti. "Haya. Nikuulize tena. Huko kwa mama yako, nani anawafundisha hesabu?"

Nikamtaja. Nikaeleza kwamba anapenda kutafuna chaki, na kwamba hukaa dawati moja na msichana anayeniazima rula, nikaona nimekosea, nikarekebisha kwamba ni mimi ninayekaa na huyo msichana. Nikamtaja daktari aliyening'oa jino, na jirani anayetuwekea ufunguo mama akichelewa kazini. Maneno yalikuja yenyewe, na machozi nayo. Sikuthubutu kumtazama mama.

"Basi umenijibu," hakimu alisema. "Watu wanaokujua wako kule, na hakimu wa kule ndiye anayeweza kuwauliza. Wiki saba hizi ni ugeni. Mahakama hii haina mamlaka juu ya kesi hii. Baba yako akitaka kuomba, ataomba kule."

Hakuna aliyenigombeza. Afadhali wangenigombeza. Mama alimfuata baba mlangoni, akamwambia taratibu, "Nisamehe kwa nililokudhania. Likizo ijayo nitamleta mwenyewe."

Nje, mama alikwenda kukaa kwenye benchi. Baba na mimi tulibaki kwenye ngazi.

"Kesi nimeshindwa, na hilo nilikuwa nimejiandaa nalo," alisema. "Lakini leo nusura nipoteze imani ya mama yako, na bila hiyo ningekuona wapi? Ukitaka jambo, liombe lilivyo. Uongo wako, Kidomo, ulitaka kuniangukia mimi."

"Nisamehe, baba. Nimekuaibisha."

"Mimi nimeshakusamehe." Akanigeuza mabega taratibu nikaelekea benchi. "Lakini ulisema kwa mama yako huwa unakwenda likizo tu, na ofisa aliyaandika, naye mama yako amesomewa. Yeye ndiye uliyemhama. Nenda ukamwambie yeye."

Nikaenda.