Kifungo Chekundu

Jumamosi ile duka la vifaa vya ushonaji lilifurika, watu bega kwa bega, kila mmoja akipitisha mkono mbele ya uso wa mwenzake. Mshonaji alikuwa ameshalishika bakuli la vifungo vilivyobaki, vile visivyo na wenzao, mkono wa mtu mwingine ulipolikamata upande wa pili.

"Kaka, niachie. Mimi ni fundi."

"Hata mimi ni fundi, dada. Fundi saa."

"Saa gani inafungwa na vifungo?"

Mwanamume akacheka. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi sawasawa, ila kifungo cha pili kutoka juu hakikuwapo. Mshonaji aliliona pengo hilo kabla hajauona uso.

"Ni vya kuchezea karata. Nyumbani tunacheza poka kila Jumapili mchana. Hatuwekei pesa, tunawekea vifungo. Dada yangu ameshavikomba vyote."

Wakagawana bakuli nusu kwa nusu. Namba za simu wakapeana palepale.

Miezi minne ikapita kwa simu. Fundi saa akipiga mchana, mshonaji akiibana simu kwa bega huku cherehani inakimbia.

"Umekula, mpenzi?"

"Bado."

"Mimi nimeshiba sauti yako."

"Basi utashinda njaa, nakata. Nina mteja."

Hakukata. Siku hiyo alishona mkono wa blauzi nje ndani, akaufumua akitabasamu peke yake. Lakini jambo moja lilimkaa rohoni. Aliwahi kumsubiri mtu miaka minne bila kuambiwa neno la maana, na mtu huyo akaja kuoa kwingine. Fundi saa naye alikuwa na maneno matamu, ila neno lenyewe hajalitamka.

Ndipo akaalikwa kwenye karata za Jumapili. Alivaa gauni la samawati alilolishona mwenyewe, kola ameifumua mara mbili. Njiani fundi saa alimfundisha mchezo.

"Sheria zetu hazifanani na za watu. Marehemu baba alizitunga mwenyewe. Karata tano, unaruhusiwa kubadilisha mbili. Saba inazishinda zote, hata mfalme, maana baba alioa tarehe saba. Halafu kuna kifungo chekundu. Kikikufikia, unakisukuma mbele ya mtu na kumuuliza swali moja. Atajibu ndiyo au hapana tu."

"Na asidanganye?"

"Hakuna kudanganya."

Mezani walikuwa wanne: mama, dada mtu, fundi saa na yeye. Kiti cha baba kilikuwa wazi karibu na dirisha. Mshonaji alishinda raundi mbili za kwanza.

"Mgeni anatupiga mikwara kwetu!" dada mtu akalalamika. "Kaka, umetuletea mtu au balaa?"

Wote wakacheka. Kifungo chekundu kikamfikia mshonaji. Alikitazama, akakisukuma mbele ya fundi saa. Alitaka kusema kwa utani, ila sauti ilimtetemeka mwishoni.

"Utanioa?"

"Hapana," akajibu papo hapo, macho kwenye karata zake.

Mama na dada mtu wakaangua kicheko. Mshonaji akalaza karata zake kifudifudi, akasema kuna mteja anamsubiri, akaondoka kabla machozi hayajamuumbua. Simu ililia jioni nzima, hakupokea. Kisha ukaja ujumbe: "Mpenzi, umechukia kushindwa?" Akaizima kabisa.

Jumatano mama wa fundi saa akaingia chumba cha kushonea, gauni jeusi mkononi, shingoni pana pengo la kifungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Alikuambia kuhusu swali lisilo la karata?"

Mshonaji akatikisa kichwa.

"Nilijua tu. Yeye alidhani dada yake amekuambia, dada yake akadhani mimi. Wamekua na sheria hiyo, hawakumbuki kwamba mtu hufundishwa. Kile kifungo ni cha kuulizia karata. Ukiuliza jambo lingine, jibu ni hapana. Baba yao aliiweka walipokuwa wadogo, walimchosha: utaninunulia baiskeli, utaninunulia viatu."

Cherehani ikanyamaza. "Kwa hiyo hapana yake..."

"Ni mazoea, mwanangu. Mdomo ulitangulia." Mama akakaa, akalilaza gauni magotini. "Hata mimi iliniuma. Wiki ya mwisho hospitalini, baba yao alitaka tucheze. Kifungo kikanifikia, nikamuuliza, utaniacha? Akanitazama sana, akasema hapana. Nikatoka pale nimefurahi kama msichana. Nilipofika kwenye ngazi ndipo nikaikumbuka sheria."

"Mpaka leo sijui kama alinijibu au alicheza. Jana nimeifuta sheria hiyo, mbele ya kiti chake. Na mwanangu yuko hapo nje kama amepigiliwa msumari."

"Mwite, mama."

Fundi saa akaingia na shati lilelile jeupe. Kifungo cha pili mshonaji alishamshonea.

"Nilijibu kama kasuku, mpenzi. Nisamehe."

"Ukaniandikia nimechukia kushindwa!"

"Baada ya kuandika ndipo nikazifunua karata zako. Saba tatu! Nani anazikimbia saba tatu?"

"Aliyeambiwa hapana."

Fundi saa akatoa kifungo chekundu mfukoni, akakiweka kando ya cherehani. Mshonaji akakichukua, akatunga uzi mweusi, akaanza kukishona penye pengo la gauni la mama.

"Mimi nilishauliza," akasema bila kuinua macho. "Sasa zamu yako. Na kifungo hakipo tena mezani."

Fundi saa akainama usawa wa cherehani. "Utakubali nikuoe?"

Mshonaji akafunga fundo, akakata uzi kwa meno.

"Ndiyo."

Mama akalipokea gauni. Akakipapasa kile kifungo chekundu kwa kidole gumba, taratibu.

"Kimekaza?"

"Kimekaza, mama. Hakitoki."