Keki Isiyoonjwa

"Amemaliza andazi la tano."

Resian Sankale alisema hivyo kwenye redio ya Motorola bila kuondoa macho kwenye darubini. Ng'ambo ya barabara, nje ya kibanda cha chai mjini Kitengela, mzungu mrefu alikuwa akijilamba mafuta vidoleni.

"Nini kingine?" Sauti ya mkuu wake, Githongo, ilitoka Nairobi ikiwa kavu kama kawaida.

"Samosa tatu. Chapati moja na maharagwe. Amempongeza mpishi."

"Resian, nataka ripoti ya ujasusi, si menyu."

"Leo ni kitu kimoja, mkubwa."

Viktor Hasse alikuwa ameingia nchini Ijumaa jioni, na tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya Jumapili. Kwenye fomu aliandika kwamba amekuja wikendi moja kuonja vyakula vya wenyeji. Na alikula kweli. Mtu haigizi hamu ya namna ile.

Lakini Resian alikuwa na mambo mengine kwenye faili.

Wiki mbili kabla, kwenye friji ya maabara moja ng'ambo kulikosekana kichupa cha chuma, urefu wa kidole gumba. Ndani yake kulikuwa na sotoka, ugonjwa uliowahi kufagia ng'ombe wa Wamaasai hadi watu wakafa njaa. Dunia ilikuwa imeumaliza. Kampuni iliyomwajiri Hasse ilikuwa na ghala la chanjo isiyo na mnunuzi. Ugonjwa ukirudi, wanunuzi wangepiga foleni.

Na leo, Jumamosi, kulikuwa na mnada mkubwa wa mifugo nje ya Kajiado. Ng'ombe elfu mbili, kutoka Loitokitok mpaka mpakani. Mmoja tu akiambukizwa, kufikia jioni wenzake wangekuwa wametawanyika kaunti nzima.

Saba kati yao walikuwa wa mama yake Resian. Hilo hakuliandika kwenye faili. Halikuwa ushahidi.

"Sikiza," Githongo alisema. "Uwanja wa ndege walipekua mizigo yake yote, hawakupata kitu. Ubalozi umepiga simu mara mbili. Rudi ofisini."

"Amenunua keki."

"Watu hununua keki!"

"Black forest, kilo mbili. Ameingia nayo chooni, ametoka nayo. Sasa iko kwenye kisanduku cha barafu, na kila nusu saa anaipima joto kwa kipimajoto. Mtu hapimi keki joto, mkubwa."

"Hiyo ni amri, Resian. Rudi."

Akaizima redio.

Prado ya kukodi aliyoendesha Hasse ikashika barabara ya Namanga. Probox nyeupe ya Resian ikafuata, magari matatu nyuma. Kajiado, Probox nyeupe ni nyingi hata hakuna anayeziangalia.

Isinya, Hasse alisimama. Akala mahindi ya kuchoma. Akanywa maziwa mala yaliyoganda kwenye kibuyu, akacheka na mama aliyemuuzia, akapiga picha. Akapima keki. Akaondoka.

Kila kitu alikigusa kwa ulimi, isipokuwa keki.

Saa saba mchana waliingia Kajiado. Hasse aliegesha mbele ya hoteli ya nyama choma, akabeba kisanduku hadi meza ya pembeni. Mwanamume mnene mwenye kofia ya ngozi alikuwa akimngoja hapo. Resian alimtambua mara moja: Mureithi, dalali wa ng'ombe. Pikapu yake ya Isuzu ilikuwa uani na fahali wawili weupe.

Mpango ukawa wazi. Fahali wawili wangeambukizwa hapa, kisha wangeingia mnadani kwa miguu yao wenyewe.

Kutoka hapo hadi mnadani ilikuwa dakika kumi.

Resian alikuwa na bastola ya CZ kiunoni. Hakuwa na hati ya upekuzi. Kichupa kikikosekana tena, Hasse angepanda ndege akiombwa radhi. Alihitaji keki ifunguliwe, mbele ya watu, na si kwa mkono wake.

Aliangalia huku na huku. Meza ndefu ya katikati ilikuwa na kina mama kumi na wawili wa kanisa, sare ya vitenge, wanasubiri mbuzi. Kiongozi wao, Mama Evalyne, alikuwa akimkaripia mhudumu.

"Nyakio, huyo mbuzi mnamchoma ama mnamlea?"

"Anakuja, Mama. Ako tu kwa moto!"

Resian alifungua simu, akasoma tena nakala ya pasipoti ya Hasse. Siku yake ya kuzaliwa ilikuwa Jumanne iliyopita; alitimiza miaka arobaini na tisa.

Akainama kwenye sikio la Mama Evalyne.

"Shikamoo, Mama. Unaona yule mgeni? Siku yake ya kuzaliwa ilikuwa Jumanne. Amekuja na keki, lakini anaona aibu kusema."

Mama Evalyne aligeuka polepole. Akaona kisanduku. Akaona mgeni aliye mbali na kwao.

"Na sisi tuko hapa tumekaa tu kama mawe?"

Nchi hii haina mzaha na jambo hilo. Mwenye siku ya kuzaliwa huimbiwa, hukata keki, humlisha kila aliyepo, na humwagiwa maji. Hakuna rufaa.

Viti kumi na viwili vilisukumwa kwa pamoja.

Hasse aliinua macho, akakuta ukuta wa vitenge. Wimbo ukapanda. Meza nyingine zikaitikia. Nyakio akaja mbio na jagi.

"Hapana," Hasse alisema. "Hapana, asante. Si leo."

"Tunajua ilikuwa Jumanne," Mama Evalyne alimjibu. "Hatukuwa na wewe Jumanne."

Uso wa Hasse ukapoteza rangi. Alikuwa hajamwambia mtu yeyote tarehe hiyo.

"Keki si ya kula!"

Wimbo ukakatika.

"Keki si ya kula?" Mama Evalyne alishika kiuno. "Baba, umeleta keki nzima mpaka hotelini, sasa ni ya kuangaliwa? Nyakio, mwaga maji!"

Maji yalimshukia Hasse kichwani. Alipofumbua macho, kisanduku kilikuwa wazi na kisu cha nyama mkononi mwa Mama Evalyne.

Kisu kilishuka.

Kling!

"Haiya! Keki iko na mfupa!"

Mureithi aliruka. Akachomoa kichupa kwenye krimu, akawapiga kumbo akina mama wawili, akatoka mbio uani.

Resian alikuwa nyuma yake kabla vikombe vilivyopinduka havijafika chini.

"Simama! Usalama!"

Mureithi alikuwa tayari amepanda pikapu, kati ya fahali. Kidole chake kilikuwa kwenye kifuniko.

"Usinikaribie, madam! Nitafungua, niimwage, ukose ushahidi!"

CZ ilimlenga kifua, hatua nane.

"Kuna nini ndani, Mureithi?"

"Dawa ya kunenepesha. Najua haijasajiliwa! Mnifungie kwa hiyo, basi."

"Wewe uko na ng'ombe wangapi nyumbani?"

"Hiyo inakuhusu aje?"

"Jibu."

"Ishirini na mbili."

"Hiyo ni sotoka. Fungua, na hao ishirini na mbili watakuwa mizoga kabla ya mwezi kuisha. Wao, na wa jirani yako, na wa kila mtu aliyewahi kukuuzia ndama."

Kidole kikaganda. Mureithi aliangalia mlangoni. Hasse alikuwa amesimama hapo, maji yakimdondoka, mkono wa Mama Evalyne ukiwa umemkaba kola.

"Ni ukweli?" Mureithi alimuuliza.

Hasse alitazama kichupa, si mtu.

Mfanyabiashara yeyote wa ng'ombe anajua kusoma macho ya muuzaji.

"Wewe mtu," Mureithi alisema taratibu. "Uliniambia watanenepa."

"Fungua, mjinga! Nimekulipa!"

Mureithi alishuka kwenye pikapu, kichupa amekibeba kwa mikono miwili kama mtu anayebeba yai. Akampa Resian. Kisha, bila kuambiwa, akageuka na kuweka mikono nyuma.

Polisi wa kituo cha Kajiado walifika dakika sita baadaye. Kichupa kiliingia kwenye chombo cha chuma chenye barafu kavu, kikafungwa kwa muhuri. Resian alitia saini mara tatu. Hasse aliingizwa nyuma ya Land Cruiser akidai balozi wake.

"Na hii keki?" Mama Evalyne aliuliza.

"Ni ushahidi, Mama. Chupa ilikuwa imefungwa, na ugonjwa wenyewe haumdhuru binadamu. Lakini usionje."

"Sikutaka. Krimu yenyewe imelala."

Simu ililia. Githongo.

"Resian! Nasikia mgeni wa ubalozi amemwagiwa maji mbele ya watu! Nani aliruhusu?"

Resian alikuwa amefika barabarani, hatua chache kutoka kwenye Probox. Kundi la ng'ombe lilikuwa linavuka kuelekea mnadani, kengele zikilia, na magari pande zote mbili yakisubiri.

"Resian, unanisikia? Nilikuamuru urudi!"

"Nakusikia. Utangoja, mkubwa."

"Ningoje nini?"

Resian aliegemea gari, akakunja mikono, akangoja mpaka ndama wa mwisho alipovuka. Ndipo akawasha injini.