Nilimfukuza Mke wa Mwanangu kwa Ajili ya Kaimati

Mimi ni bibi wa miaka sitini na minne, wa Msambweni. Sikusoma ila chuo cha Kurani. Haya naandika kwa mkono wangu, nanyi mtanihukumu.

Mwaka juzi mvua zilikuwa hazikatiki... Unga ulishika ukungu, chumvi ikawa maji. Nami nilikuwa nimeombwa kaimati za harusi ya jirani. Kwa kaimati nilijulikana tangu ujana wangu!

Mwanasiti, mke wa mwanangu Hamisi, alikuwa na mimba ya miezi saba. Hamisi alifanya kazi hotelini Diani, akija nyumbani siku moja kwa wiki.

Asubuhi ile Mwanasiti alinijia na kikombe mkononi.

"Mama, hamira hii imekufa. Nimeitia maji ya vuguvugu na sukari, haitoi povu."

"Wewe utanifunza kaimati? Nilizikaanga mamako hajavunja ungo!"

Akarudisha kikombe chake jikoni. Nikakoroga unga wangu kwa hamira ile ile, nikaufunika. Hadi adhuhuri haukuumuka hata kidogo. Nikakaanga hivyo hivyo, nikazimwagia shira nyingi, labda zitalainika...

Hazikulainika! Harusini, mbele ya wanawake wote, shangazi wa bwana harusi aliuma moja, akaitema kiganjani. "Bi Mishi, hizi za kula, au umetuletea kete za bao?"

Walicheka hadi wakashikana mabega. Nilitembea kurudi nyumbani moyo ukiwaka. Na njiani shetani akaniuliza: huyu msichana alijuaje kuwa hazitaumuka?

"Umezitia jicho!" nilimwambia. "Mchawi wewe! Rudi kwenu Vanga."

Alipiga magoti na tumbo lake lile. "Mama, naomba nimngoje Hamisi tu." Nikafunga kanga zake furushi, nikazitupa uani kwenye matope.

Alipanda gari la Vanga siku ile ile, na baada ya Lunga Lunga likakwama kwenye matope. Abiria wakashuka, wakatembea. Uchungu ukamshika njiani, akazalia kwenye nyumba ya watu asiowajua... Mtoto wa kiume. Hakulia.

Hamisi alipopata habari alikuja kuchukua nguo zake. Sikusikia tusi kinywani mwake. Alisema tu, "Shikamoo, mama," akatoka, akamfuata mkewe. Afadhali angenitukana!

Nilipobaki peke yangu nilishusha kopo la hamira. Maji ya vuguvugu, sukari, kijiko kimoja. Nikakaa, nikakitazama kikombe mpaka kikapoa. Hapakuzuka povu hata moja. Mwanasiti alikuwa ameniambia kweli, nami ukweli wake nikauita uchawi.

Nilikwenda Vanga kuomba radhi. Alinipokea kwa adabu, akaniwekea sahani ya kaimati alizokaanga mwenyewe, nyepesi, za duara. Niliishika moja, nikairudisha sahanini. Nikamwomba arudi.

"Nimekusamehe kwa ajili ya Mungu, mama," alisema. "Lakini nyumbani kwako sirudi."

Je, ningemlaumu?

Enyi mama wakwe wenzangu, kijana akikuambia umekosea, angalia kwanza kilicho mkononi mwake! Usikimbilie kumwita mchawi kwa sababu umeaibika. Mimi kikombe kililetwa hadi mbele ya macho yangu, nikakataa kukitazama.

Siku hizi sikaangi tena. Mjukuu wangu angekuwa sasa ameanza kusema, na kaimati ya kwanza angeniomba mimi.